Kama Siku Aliyozaliwa

Mawese yakichemka mpaka yaanze kufuka, harufu yake hutembea mbali. Majuzi jirani yangu alikuwa anaunga maharage, nami nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja, ndoo mkononi, nimesahau nilikuwa nakwenda wapi. Watu wengine harufu ile huwatia njaa. Mimi hunikumbusha dada yangu Mwamini, kakaa kizingitini kwetu Ujiji, jua la saa saba linachoma, naye kavaa sweta la shule na bado anatetemeka.

Nilikuwa darasa la tatu, yeye yuko kidato cha tatu. Tuliishi nyumba ya Bibi, mzaa baba, nyumba ya matofali ya udongo yenye uwanja mpana nyuma na mchikichi mmoja uliozeeka. Baba alikuwa fundi wa injini za boti, alishinda mwaloni Katonga, boti zinakotia nanga, grisi haimtoki mikononi hata Ijumaa. Mama alinunua dagaa hapo hapo Katonga, akawaanika na kuwauza. Mama ni Muha wa Kidahwe. Alikuja Ujiji kuolewa, na Bibi hakuchoka kumkumbusha kwamba mjini pana adabu zake.

Adabu iliyozipita zote ilikuwa ya sinia. Wanawake wa nyumba tulikula pamoja, sinia moja, mkekani: ugali wa muhogo katikati, bakuli la migebuka, samaki wa ziwani kwetu, au maharage pembeni, kila mtu na upande wake. Macho yako yanabaki upande wako. Ukimtazama mwenzio mkono, au Mungu apishie mbali ukamtazama mdomoni, wewe ni mchoyo. "Usimhesabie mtu matonge," Bibi alisema, na aliyejisahau alipata kofi la mgongo wa mkono. Nazipenda adabu za kwetu na wanangu nimewafundisha karibu zote. Hiyo moja sikuwafundisha.

Mwamini alikuwa msichana aliyejaa, vile hasa mama zetu walivyotaka msichana awe. Alicheka kwa mwili mzima. Siku ya harusi ya binamu yetu alikuwa katikati ya duara anacheza, na Shangazi Chiku, dada yake baba, bingwa wa utani ukoo mzima, akapaza sauti juu ya ngoma: "Jamani mtazameni mwanangu! Huyu boti ikizama msihangaike kumtafutia boya. Ataelea mpaka Kongo kama dumu la mawese!" Wanawake walianguka kwa kicheko. Mwamini naye alicheka, tena alicheka hata wenzake walipokwisha nyamaza. Kuanzia siku ile akaitwa Dumu. Lilikuwa jina la mapenzi, maana kwetu mtu asiyependwa hataniwi. Hakuna aliyemwuliza kama analitaka.

Ramadhani ikaingia muda si mrefu baadaye. Mwamini alifunga kama sisi sote, ila futari ikitengwa yeye ndiye aliyekuwa anazunguka, anamiminia huyu uji, anamsogezea yule tambi, mpaka sinia imekwisha. Idi ikapita, akafunga sita za Shawwali. Watu wakamsifu. Kisha akashika Jumatatu na Alhamisi, halafu siku zinazobaki akasema analipa za zamani. Bibi alijaa fahari. Aliwaambia wageni kwamba katika wajukuu wake wote, huyu ndiye atakayemwombea kaburini. Mimi aliniweka chini akaniambia, "Tazama dada yako. Anayefunga kwa moyo safi hutakasika akawa kama siku aliyozaliwa na mama yake."

Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto huambiwa jambo akalibeba lilivyo. Nilielewa kwamba ukifunga sana unarudi kuwa mtoto. Nikaanza kumchunguza dada, na kila nilichokiona kilithibitisha. Sare yake ya shule ilizidi kumpwaya. Kifua kilichokuwa kimechomoza kikarudi ndani. Alilala mchana kama kichanga. Siku moja ananisuka nywele, nikageuka nikaona mkono wake umeota vinywele vyembamba, laini, kama vya mgongoni mwa mtoto mchanga wa Shangazi. Nikavigusa. Aliushusha mkono wa sweta haraka, akaniambia nitulie asije akaniumiza. Nilifurahi siku ile, siwezi kusema uongo. Nilipiga hesabu zangu nikaona kwamba akiendelea vile tutalingana, tutakwenda shule pamoja, tutacheza rede pamoja, na huenda nikampita nikawa mimi ndiye dada.

Kwenye sinia nilikaa ubavuni pake. Mimi ndiye peke yangu niliyeona, kwa kuwa mtoto macho yake hayana adabu. Mkono wake ulikwenda mdomoni kama wa kila mtu, ukarudi na tonge lake. Baadaye tonge lilikuja upande wangu, pamoja na mnofu wa samaki, na kichwa cha mgebuka ambacho mwanzoni tulikuwa tunakigombania. Nilinenepa mwaka ule. Naye alikuwa ameliteka jiko lote. Alipika pilau mpaka majirani wakaja kuuliza anatia nini, alisimama juu ya sufuria akivuta mvuke puani macho kayafumba, kisha akapakua, akagawa, akakaa kututazama tukila. Nani angedhani mtu anayepika vile hali?

Mama ndiye aliyeshtuka wa kwanza, na alishtukia pasipo penyewe. Aligundua kwamba binti yake hajaingia mwezini siku nyingi. Alimwita chumbani, nami nikasikia kupitia pazia.

"Niambie ukweli, Mwamini. Ni nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Mimba haiji na upepo!"

Kipimo cha zahanati kikasema hakuna mimba. Mama alilia kwa furaha, halafu njiani kurudi akaanza kujiuliza, kama si mimba ni nini. Wakapima kifua kikuu, hakuna. Wakapima kile ambacho watu wazima walikitaja kwa kunong'ona, hakuna. Bibi akasema sasa imebaki jini, akaita mtu wa kumwandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa. Mwamini alikunywa kombe bila ubishi, kikombe kwa kikombe. Lilikuwa maji na zafarani tu, na maji hayakumtisha.

Alianguka mwaloni, mbele ya watu. Alikuwa amekwenda Katonga kwa miguu kama kawaida yake siku zile, nauli ya bajaji kairudisha kwa mama akisema anapenda kutembea. Alikuwa anageuza dagaa juani pamoja na mama na wanawake wengine, akainama, hakuinuka. Mwanamke mmoja mnene, muuza samaki, alimwinua kutoka katikati ya dagaa akiwa amejiandaa kwa uzito wa msichana mzima, akapepesuka nusura aanguke chali. Akapiga ukelele. Baba alitoka mbio kwenye injini aliyokuwa anaifungua, akamchukua, na grisi ya vidole vyake ikabaki kwenye sweta lile mpaka lilipochakaa.

Hospitali alikuwapo daktari mwanamke, mwenyeji wa Iringa, alikuwa bado hajalizoea joto letu na kila mara alijifuta shingo. Alituketisha baba, mama, Bibi, na mimi ambaye hapakuwa na wa kuniachia. Aliuliza mambo mengi kisha akauliza hili:

"Anapokula, nani anamwona?"

Bibi alijikusanya kwenye kanga zake. "Daktari, sisi kwetu hatutazamani midomoni."

"Sawa, bibi. Sasa nani anajua kama anakula?"

Baba alimtazama mama. Mimi nilijua jibu, na ilikuwa raha kujua jambo ambalo wakubwa hawalijui. Nikasema, "Dada hali. Mimi ndiye namlia chakula chake. Anafunga ili arudi kuwa mtoto. Keshaanza kuota nywele za kichanga."

Hakuna aliyecheka. Daktari aliinuka, akamkunja Mwamini mkono wa sweta, akautazama mkono ule muda mrefu. Akatuambia kwamba mwili ukikosa chakula hujifunika wenyewe kwa vinywele vile, unatafuta joto. Akasema huu ni ugonjwa, unaanzia akilini unamaliza mwili, nao unaua. Si kiburi wala jini, na kwa msichana huyu si ibada tena. "Chakula anakiogopa, mama. Kama wewe unavyomwogopa nyoka. Ukimwambia mtu mshike tu nyoka, hakuna kitu, atakuelewa?"

"Kigoma hii," baba akasema, "watu wanahangaika wapate cha kula, wangu anakikimbia? Hayo si maradhi ya matajiri?"

"Mzee, mimi nimeyakuta hapa kitandani."

Jioni Bibi alileta chungu cha migebuka ya mawese, amekikumbatia kutoka Ujiji. Alitaka kumkomboa mjukuu wake siku hiyo hiyo. Daktari alikizuia mlangoni. Alieleza kwamba mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauvamiwi, ukiujaza ghafla moyo unaweza kusimama, kwa hiyo ni uji mwepesi, kidogo kidogo, na damu inapimwa. Bibi alikaa nje kwenye benchi na chungu chake mapajani. Alichanganyikiwa kabisa. Maisha yake yote alijua dawa moja tu ya mtu aliyekonda, nayo aliambiwa ingemwua.

Baba alimleta imamu wa msikiti wetu. Akamweleza Mwamini kwa upole kwamba mgonjwa hafungi, na mtu akifunga akijua anajidhuru, Mungu hakumwomba afanye hivyo. Mwamini alilia kama mtu aliyefiwa. Nilidhani analia kwa kumcha Mungu. Sasa ninajua alilia kwa kuwa alikuwa amenyang'anywa pa kujificha.

Aliporudi nyumbani, mama alikuja na maagizo ya daktari kichwani: msimfokee, msimsifu, msimtaje mwili, kwa ubaya wala kwa uzuri, na mtu akae naye anapokula na baada ya kula. Siku ya kwanza mama hakuja kwenye sinia. Alipakua sahani mbili, akamkalisha Mwamini ukutani, akakaa mbele yake, magoti yakigusana, akamtazama. Kwetu anayekula peke yake kwenye sahani ni mgeni au ni mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Bibi aliacha kula.

"Mama Mwamini, unamtenga mjukuu wangu? Na unamtolea macho mdomoni? Uchoyo huo umeutoa Kidahwe?"

Mama alikuwa hajawahi kumjibu mkwewe tangu aolewe. Siku ile alijibu bila kugeuka. "Nisamehe, mama. Nimekuwa mchoyo. Nataka kuona kila tonge."

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Nyumba yetu ikawa na vita mara tatu kwa siku. Mwamini, ambaye alikuwa hajapata kumvunjia mtu heshima, alimwaga uji ukutani. Alificha chakula mahali ambapo tulikuja kukigundua kwa harufu. Alimwita mama maneno ambayo sitayaandika. Baada ya kula alitaka kutembea, na mama alimshika mkono wakakaa, wote wawili jasho linawatoka, mpaka ile hofu ipite. Nilimchukia mama siku zile. Nilimwona anamtesa mtoto wa watu. Lakini polepole sana dada alianza kupata joto mikononi, na asubuhi moja nilimsikia anaimba akifagia uwanja, nikakimbia kumwambia Bibi.

Kisha ikaja shughuli ya jirani. Tulijadiliana kama aende, tukaona amechoka kufungiwa. Shangazi Chiku alikuwapo. Maskini Shangazi, alikuwa amekwisha ambiwa dumu lake lilifanya nini, na alikuwa amelia mpaka akapoteza sauti. Alipomwona Mwamini anaingia kwa miguu yake, mashavu yamerudi kidogo, alimkimbilia akamkumbatia, akapiga kigelegele: "Mashallah! Umenenepa, mwanangu! Umenenepa jamani!" Na wanawake wote wakapokea. Hapa kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ukimwambia mtu amenenepa umemwambia yuko salama, ametunzwa, hana deni na mauti. Mama alisimama pale amefumba macho. Angeweza kulipiga neno hilo marufuku nyumbani kwetu, na alilipiga, lakini hakuweza kulipiga marufuku Ujiji nzima.

Mwamini alitabasamu, akamshukuru Shangazi. Kesho yake alifunga mdomo.

Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Alirudishwa hospitali, akatolewa, akarudishwa tena. Miguu ilimvimba. Mama aliacha kabisa biashara ya dagaa. Baba alifika mahali akasema mbele yetu sote, "Mwacheni. Asiyetaka kuishi humlazimishi," akatoka akaenda kukaa nyuma ya mchikichi, na nilipomfuata nilimkuta ameuma kola ya shati asisikike. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima anaogopa. Niliondoka kimya kimya.

Alasiri moja nilibaki naye chumbani. Nilikuwa nimelitoa gauni langu la Idi lililonibana, la waridi, nikamwambia, "Dada, hili nakuachia wewe, utakapokuwa mdogo." Alilichukua. Akaupitisha mkono wake kwenye mkono wa gauni, na ukapita bila kukwama popote, mpaka begani. Akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu ile shughuli, na lilikuwa tabasamu la mtu aliyeshinda. Uso ule haukuwa wa mtoto. Ulikuwa wa mtu mzee sana. Nikaelewa kwamba dada harudi popote, dada anaondoka, nami nilikuwa nimeshangilia njia nzima. Nikapiga kelele nikimwita mama.

Niseme mapema ili usihangaike: Mwamini hakufa. Anaishi Kasulu, ana duka la vitambaa, na mifupa yake, iliyodhoofishwa na njaa ile, inavunjika kwa kuanguka kudogo ambako mtu mwingine angejipangusa vumbi tu. Harusini haendi. Ugonjwa ule haukumwacha kama homa inavyomwacha mtu. Umekaa mlangoni, na kuna miaka unaingia. Daktari yule alihamishwa siku nyingi, Bibi alifariki akiamini mpaka mwisho kwamba lilikuwa jini. Na sisi tuliobaki tumejifunza kumsalimia dada yetu bila kumtazama mwili, jambo gumu kuliko unavyofikiri kwa mtu wa Kigoma.

Lakini siku ile ya gauni hakuna aliyejua kama atafika kesho. Mama aliingia, akaona mkono ule ndani ya nguo yangu. Aliuchomoa taratibu, akanipa gauni, akatoka, akarudi na sahani ya ugali na maharage. Alikaa kati ya Mwamini na mlango. Mimi nilisahauliwa pembeni.

"Siwezi, mama."

"Najua."

"Hunielewi."

"Sikuelewi. Kula."

Chakula kilipoa, mama akanituma nikakipashe, nikakirudisha, kikapoa tena. Mwamini alilia, akatukana, akaomba. Akasema mama si mama, ni askari jela. Mama alikubali yote kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu. Kisha akakata tonge, dogo kama la mtoto anayeachishwa ziwa, akalichovya, akaliweka kiganjani mwa dada, akakifunika kiganja kile kwa mkono wake. Wakabaki hivyo. Mwanga wa dirishani ulihama ukutani, kutoka kitandani ukaja kwangu.

Mwishowe Mwamini alilitia mdomoni. Halikushuka. Lilikaa shavuni, machozi na kamasi vikimtiririka juu yake, na akamtazama mama kwa macho ambayo sijapata kuyaona tena kwa mtu yeyote.

"Nakuchukia," akasema. "Wallahi nakuchukia."

Mama hakupepesa macho. Alimfuta pua kwa ncha ya kanga yake. "Nichukie, mwana wanje," alisema, akimwita mwanawe kwa Kiha, lugha aliyokuwa hathubutu kuisema ndani ya nyumba ya Bibi. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, taratibu, ili lisipotee hata neno moja. "Meza hilo, halafu unichukie. Unichukie mpaka uzeeke."